Kibet, Arap Bett na Visanduku vya Karani

Barabara inayotoka Kapsoit kwenda Sondu, magharibi mwa Kenya, hupita Sigowet ikiacha nyuma mashamba ya chai na kuelekea kwenye joto la Soin. Katika shule yoyote ya kando ya barabara hiyo, mwalimu anayeita majina asubuhi anasoma pia saa na majira. Kibet alizaliwa mchana. Chelangat alizaliwa jioni, Kipkemoi usiku, Chepkoech kulipokuwa kunakucha. Cherop alikuja na mvua, Kipkemei akaja kiangazi, na Cheptoo alizaliwa nyumbani kukiwa na wageni. Kabla mtoto hajaitika, darasa zima limekwisha kujua kama ni mvulana au msichana, na alipokelewa na ulimwengu wa namna gani.

Wakipsigis, wenyeji wa nchi hii, hawakuwa na daftari la vizazi. Habari walizotaka zisipotee walizitia ndani ya jina lenyewe, kila moja mahali pake. Mwanzo wa jina huonyesha jinsia: Kip- au Ki- kwa mvulana, Chep- au Che- kwa msichana. Shina hubeba wakati au tukio. Rop ni mvua, kwa hiyo kuna Kiprop na kuna Cherop. Sang ni nje, kwa hiyo Kipsang ni yule aliyezaliwa nje ya nyumba. Ruto ni safari, kwa hiyo mama wa Cheruto huenda alishikwa na uchungu njiani. Vighairi vipo. Cheruiyot na Chepkwony ni wanaume licha ya mwanzo wa majina yao, na hakuna mtu wa Sigowet anayehitaji kuelezwa hilo.

Saa ya majina haya ni saa ya wafugaji. Kipngetich alizaliwa asubuhi ng'ombe walipokuwa wakitoka. Kiprono ni wa wakati mbuzi wanaporudi, na Kiprotich ni wa wakati ng'ombe wanaporudi nyumbani. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay ziliingia Kericho, na vilima vingi vilivyokuwa malisho na misitu vikafunikwa na chai. Majina hayakuhama na malisho. Leo mtoto anaweza kuzaliwa katika nyumba isiyo na hata ndama mmoja akaitwa Cherotich, kwa sababu jioni yake ni ileile. Mfumo ulipokea hata mambo mapya: chumbek ni Wazungu, na miongoni mwa Wakalenjin, kundi ambalo Wakipsigis ni sehemu yake, jina Kipchumba humwendea mtoto aliyezaliwa Wazungu wakiwa karibu, au hospitalini mwao.

Ukiteremka hadi soko la Sondu, mpakani mwa Wakipsigis na Wajaluo, lugha inabadilika kabisa lakini mpango unabaki. Kipkemoi wa usiku anakutana na Otieno wa usiku. Chelangat wa jioni anakutana na Adhiambo, na Cherop wa mvua anakutana na Akoth. Lugha moja ni ya Kinailoti cha nyanda za juu, nyingine ni ya Kinailoti cha mtoni na ziwani, na hakuna upande unaoelewa mwingine bila kujifunza. Hata hivyo mama wa upande mmoja akisikia maana ya jina la upande wa pili, anajua mara moja ni habari gani inayowekwa hapo.

Jina la saa halikuwa la pekee. Katika kurenet, ibada ya kumpa mtoto jina la mhenga, wanawake wazee walikaa na mtoto mchanga wakitaja majina ya wafu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, na ugoro kidogo ukisogezwa puani mwake. Jina lililokuwa likitajwa alipopiga chafya ndilo lililomrudisha mhenga. Baadaye, mvulana alipotoka jandoni, alipata jina la tatu, lenye neno arap, yaani mwana wa.

Hapo ndipo palipokuwa na ufundi mkubwa. Jina la baba liliondolewa mwanzo wake, kisha likaungwa na arap. Mwana wa Kiprotich aliitwa arap Rotich. Tuseme huyo jina lake la kuzaliwa ni Kibet: Kibet arap Rotich. Mwanawe Kiplangat hakuwa arap Rotich, bali arap Bett. Na mwana wa Kiplangat akawa arap Langat. Kila jina lilikuwa kiungo kinachoelekea kizazi kimoja nyuma, na aliyejua kuvifuata viungo hivyo aliupanda ukoo ngazi kwa ngazi. Mwanamke aliyezaa, naye, aliitwa kwa mtoto wake, kobot fulani, kiungo kinachoelekea mbele. Wageni wawili walipokutana waliulizana pia oret, yaani ukoo, na ipinda, yaani rika: Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, Kaplelach, Kipnyige au Nyongi. Majibu hayo machache yaliwatosha kujua waheshimiane vipi.

Kisha ikaja karatasi. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaanza kutekelezwa: kila mwanaume wa miaka 16 na zaidi abebe kipande, chenye jina lake, kabila, alama za vidole na kumbukumbu za waajiri wake. Mwaka 1947 ulileta sheria ya kuandikisha watu wa jamii zote, na wanawake wa Kenya waliingizwa katika vitambulisho mwaka 1978. Shule na kanisa vilikuwa na madaftari yao pia. Wote walitaka jambo moja ambalo arap haikuundwa kulitoa, nalo ni jina la mwisho lisilobadilika.

Kwa hiyo mnyororo ukaganda. Mjukuu na kitukuu wakaandikwa Rotich, na binti akaandikwa Chebet Rotich, ingawa arap haikuwa ya mabinti. Herufi hazikupotea. Kilichopotea ni alama iliyosema herufi hizo ni za nani: Rotich iliyokuwa ikisema baba yangu alizaliwa ng'ombe wakirudi, sasa husema tu kwamba familia hii inaitwa hivyo.

Miaka mingi baadaye, watengenezaji wa tovuti walijikuta na shida ileile kutoka upande mwingine. Ukurasa wa wavuti huandikwa kwa HTML, lugha inayojua aya, kichwa na kiungo, lakini haijui kwamba neno fulani ni jina la mtu na jingine ni mji. Mwaka 2003 Tantek Çelik, Eric Meyer na Matt Mullenweg walitoa XFN, utaratibu wa kutia ndani ya kiungo neno linaloeleza uhusiano: rafiki, jirani, mzazi, mtoto, ndugu. Mwaka 2005 ikaanzishwa jumuiya ya mikrofomati, yaani lebo ndogo za kutia ndani ya HTML, na mojawapo ni hCard, seti ya lebo za majina, anwani na siku za kuzaliwa. Msingi wao ulikuwa kwamba habari ya mashine isifichwe katika faili la pembeni ambalo litasahauliwa. Lebo ikae juu ya maneno yaleyale yanayosomwa na watu. Mtu wa Sigowet angeitambua fikra hiyo, kwa maana arap ni lebo ya uhusiano iliyokaa ndani ya neno linalotamkwa kila siku.

Lakini hCard ilikuwa na njia ya mkato. Jina likiwa na maneno mawili tu bila lebo nyingine, la kwanza lilichukuliwa kuwa jina la mtu mwenyewe na la pili kuwa la familia. Kanuni hiyo ikipewa arap Koech, humtambulisha mtu anayeitwa Arap, wa familia ya Koech. Lebo za kumweleza sawasawa zilikuwepo, kwani hCard ina nafasi ya jina la nyongeza na XFN ina nafasi ya mzazi. Zilihitaji mwandishi anayejua kwamba arap si jina. Mwaka 2011 Google, Microsoft na Yahoo walipoanzisha msamiati wao wa schema.org, visanduku vya jina la mtu na jina la familia vilihamia humo pia.

Mnamo Agosti 10, 2024, katika Michezo ya Paris, mwanamke kutoka nchi hii ya Wakalenjin alishinda mbio za mita 1500 na kuchukua dhahabu ya tatu mfululizo ya Olimpiki, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa katika mbio hizo. Jina lake kamili ni Faith Chepngetich Kipyegon. Matokeo, yakifuata kisanduku cha jina la familia, yaliandika KIPYEGON, na watangazaji wa dunia nzima wakalirudia. Kwa masikio ya Sigowet, hilo ni jina la mwanaume. Aliyevuka mstari alikuwa Chepngetich, jina la msichana wa asubuhi, ng'ombe wanapotoka.