Nasaba za Walowezi wa Marekani na Madaftari Yaliyopunguka

Mtu atakaye kuijua nasaba yake nchini Marekani, khususan aliye wa kizazi cha walowezi waliovuka milima ya Appalachia na kuteremkia mabonde ya Ohio na Mississippi kutafuta ardhi, hana budi kuanza na daftari la sensa, kwa kuwa katiba ya taifa lile imeamuru watu wahesabiwe kila miaka 10. Lakini akisha kulifunua daftari lenyewe huona upesi kwamba walioliandika hawakuwa na haja na nasaba ya mtu. Sensa ya kwanza, ya mwaka 1790, ilikusudiwa kugawanya viti vya Bunge na kupima nguvu za taifa kwa kazi na vita. Kwa hiyo likaandikwa jina la mkuu wa nyumba peke yake, na waliosalia wakatiwa katika safu za tarakimu: wanaume weupe wa miaka 16 na zaidi, wavulana walio chini ya umri huo, wanawake weupe wote kwa jumla, watu wengine walio huru, na watumwa. Na hata hayo machache hayakuhifadhika yote, maana madaftari ya Virginia, Kentucky na Georgia ya mwaka ule yalipotea, na pengo lake huzibwa, kwa kadiri liwezavyo kuzibwa, kwa orodha za kodi.

Hali hiyo iliendelea hadi mwaka 1850, ndipo kila mtu huru alipoandikwa jina lake, umri wake na mahali alipozaliwa. Lakini uhusiano wake na mkuu wa nyumba haukuulizwa mpaka mwaka 1880. Mwanamke wa miaka 24 aliyeandikwa chini ya mwanamume wa miaka 26 aweza kuwa mkewe, na aweza vilevile kuwa dada yake au mke wa nduguye aliyefiwa, wala daftari la 1850 halitamki neno.

Hapo ndipo mtafutaji anapogeukia kumbukumbu za ndoa katika mahakama ya wilaya. Katika Virginia, Kentucky na majimbo mengine ya kusini ilikuwa ada bwana arusi kuweka hati ya dhamana, pamoja na mdhamini, kwamba hakuna kizuizi cha ndoa ile. Na kwa kuwa mdhamini aghalabu alikuwa baba au kaka wa bibi arusi, jina lake ni auni kubwa kwa anayetafuta ukoo wa mwanamke ambaye sensa imemmeza ndani ya jina la mumewe. Lakini hati ya dhamana huthibitisha nia tu. Kufungwa kwa ndoa huthibitishwa na cheti ambacho mhubiri, aliyezunguka kwa farasi kutoka kijiji hiki hadi kile, alipaswa kumrudishia karani, na ambacho mara nyingi hakikurudi. South Carolina haikudai leseni ya ndoa mpaka mwaka 1911. Fauka ya hayo, mahakama nyingi ziliungua, nyingine kwa ajali na nyingine katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865.

Hasara iliyo kubwa kuliko zote ni ya sensa ya mwaka 1890, iliyohesabu watu karibu milioni 63. Tarehe 10 Januari 1921 moto ulizuka katika jengo la Wizara ya Biashara mjini Washington, na sehemu ya kile ambacho moto haukukila ililoweshwa na maji ya wazima moto. Mabaki yalikaa miaka mingi pasipo kutengenezwa, hata mwezi Februari 1933 Bunge likaidhinisha yateketezwe, siku moja baada ya Rais Hoover kuweka jiwe la msingi la jengo la Hifadhi ya Taifa. Na leo yamesalia majina 6,160 tu, au karibu na hapo. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1881 na kuondoka kwao kabla ya 1900 hakuonekana hata mara moja, katika sensa ya taifa iliyobaki, akiwa nyumbani kwa wazazi wake.

Hata hivyo njia haikufungika kabisa. Kansas ilifanya sensa yake yenyewe mwaka 1885 na 1895, na humo mtu aliulizwa alikotoka kuja Kansas. Sheria ya ardhi ya mwaka 1862, iliyompa mlowezi ekari 160 akikaa na kulima miaka mitano, ilimlazimu kuleta mashahidi, na shahada zao zimehifadhiwa. Kadhalika mjane wa askari aliyedai pensheni ilimpasa kuithibitisha ndoa yake, na aliyekosa cheti alileta majirani waapishwe, au ukurasa wa Biblia ya aila ulioandikwa vizazi.

Tena si walowezi wote waliokuwa weupe. Watu waliotoka Kentucky mwaka 1877 kuanzisha mji wa Nicodemus huko Kansas walikuwa wameachwa huru utumwani, na wazao wao wakifuata nyayo kurudi nyuma hufika sensa ya 1870, iliyokuwa ya kwanza kuwaandika kwa majina wote walioachwa huru. Kabla yake, mwaka 1850 na 1860, watumwa waliorodheshwa kwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la bwana, na majina yao wenyewe hayakuandikwa ila kwa nadra. Ndoa zao sheria haikuzitambua, hata Kentucky ilipowaruhusu mwaka 1866 kwenda mbele ya karani na kukiri kwamba wamekuwa wakiishi kama mume na mke. Na kwa wengi ukiri ule ndio hati ya kwanza iliyowataja wote wawili pamoja.

Basi mwenye kutafuta wazee wake na aulize kwanza kila hati iliandikwa kwa haja ya nani: ya mtoza kodi, ya mgawa ardhi, au ya karani aliyeogopa ndoa batili, kwani aliyekosekana katika daftari moja aweza kudhihiri katika jingine lililokuwa na haja naye. Na pale ambapo hati zote zimenyamaza, aiandike dhana kuwa ni dhana, asije akawarithisha wajukuu zake mzee asiyekuwa wao.