Mshirika wa Kasino Mbele ya Sheria: Funzo la New Jersey

Sheria ya kasino ya New Jersey, iliyotungwa mwaka 1977 baada ya wapiga kura wa jimbo hilo kuridhia kamari katika mji mmoja tu, Atlantic City, haikuishia kumpekua mwenye leseni. Ilimfuata mpaka jikoni na kwa dobi. Anayemuuzia mashine za kuchezea, anayemwaga zege, anayemletea nyama: kila mmoja amewekewa masharti yake, ya leseni au ya kusajiliwa. Tena kila mkataba huhesabiwa kuwa na kipengele cha kuuvunja, hata kama wenyewe hawakukiandika. Mamlaka ikimkataa mshirika, kasino hujitoa bila kudaiwa fidia.

Wapo wanaosema huku ni kuuingilia uhuru wa watu kuingia mikataba. Sikubaliani nao. Genge la wahalifu halihitaji kumiliki kasino ili lifaidi fedha zake. Kampuni ya zege iliyohusishwa na Nicodemo Scarfo, aliyekuja kuliongoza genge la Philadelphia, ilipata kazi katika ujenzi wa kasino. Hata viongozi wa chama cha wafanyakazi wa hoteli waliwekewa vigezo vya uadilifu, na mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani ikakubali kwamba sheria za kazi za shirikisho hazilizuii jimbo kuweka vigezo hivyo.

Ugumu huanza pale mshirika asipokuwa na hatia yoyote mahakamani. Kampuni ya MGM ilimiliki nusu ya kasino ya Borgata, iliyofunguliwa Atlantic City mwaka 2003, na huku Macau ilifungua nyingine mwaka 2007 kwa ubia na Pansy Ho. Baba yake, Stanley Ho, alihodhi biashara ya kasino Macau kwa takriban miaka 40, na alikuwa akihusishwa na magenge, madai aliyoyakana. Mwaka 2009 wasimamizi wa kamari wa New Jersey walipendekeza binti huyo ahesabiwe kuwa mbia asiyefaa. Nevada, iliyoukagua ubia huohuo, haikuukataa. MGM ilipolazimika kuchagua, ilichagua Macau: Machi 2010 ilikubali kuiweka nusu yake ya Borgata chini ya mdhamini ili iuzwe.

Naitetea hatua ya New Jersey. Leseni ya kamari ni ruhusa, na anayeiomba ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba yeye na washirika wake wanaaminika. Kusubiri hukumu ya jinai ni kusubiri madhara yatokee kwanza. Lakini mamlaka inayoweza kumkataa mtu bila hukumu inadaiwa jambo kubwa zaidi, nalo ni kutaja sababu zake hadharani na kumsikiliza kabla ya kumkata riziki.

Hapo ndipo usawa unapoyumba. MGM ilikuwa na mawakili na mapato ya Macau ya kuiegemeza, na mwaka 2014 ilikubaliwa kurudi, ubia wake na Pansy Ho ukiendelea ingawa kwa hisa zilizobadilika. Msambazaji wa samaki mwenye magari mawili, ambaye wateja wake wote ni kasino, akikataliwa leo hana Macau ya kukimbilia. Haki ya kusikilizwa anayo kwenye karatasi, ila kuisubiri miezi kadhaa bila oda kunatosha kumfunga. Kwa mtu wa namna hii sheria ingepaswa kuweka muda mfupi wa uamuzi, na kuiacha mikataba yake ya zamani iendelee mpaka uamuzi huo utolewe.