Kikwembe kimetoka wapi? Safari ya yadi 6 hadi soko la Butembo

Piesi moja ya kikwembe ina yadi 6. Mama muuzaji katika soko kuu la Butembo haihitaji kuipima: yadi 2 za kufunga kiunoni, yadi 2 za kufunga juu yake ao kubebea mtoto, yadi 2 za libaya. Sari ya mwanamke wa India, ile ya kawaida, nayo inakaribia yadi 6. Tofauti ni kwamba Mhindi haikati. Anaizungusha mwilini nzima nzima, anaikunja mikunjo mbele, na ncha inayobaki anaitupa begani.

Watu wa Mususa, ukiwauliza vazi la asili la mama wa Kongo ni lipi, watajibu kikwembe bila kufikiri mara mbili. Mhindi atajibu sari. Majibu yanafanana, lakini historia zake zimeachana sana. Sari inafumwa India, kwa pamba na hariri, na nyingine bado kwa mikono ya wafumaji ambao baba na babu zao walifanya kazi ileile. Kikwembe kinachouzwa Butembo leo hakikufumwa Butembo, wala Beni, na mara nyingi hakikufumwa popote katika Afrika. Namna gani basi kimekuwa cha kwetu?

Kabla ya vitambaa vya wageni, wazee wa milima hii ya Bunande walivaa ngozi na nguo za magome ya miti. Gome lilivuliwa mtini, likalowekwa, likapigwa kwa nyundo ya mti mpaka likalainika na kupanuka. Ndugu zao wa Uganda wanaitengeneza nguo hiyo hadi leo, hasa kwa ajili ya mazishi na sherehe. Upande huu wa Semliki imebaki zaidi katika masimulizi.

Kitambaa cha pamba kilifika kutoka mashariki, kwenye mabega ya wapagazi. Misafara ya pwani iliyotafuta pembe za ndovu hadi Manyema na Ituri katika karne ya 19 ilikuwa inalipa kwa nguo. Nguo ndiyo ilikuwa makuta ya wakati ule. Mbili zilijulikana kila mahali. Ya kwanza ni merikani, shuka nyeupe iliyotoka viwanda vya Massachusetts, Marekani, na kupitia Zanzibar. Jina lake linasema lenyewe. Ya pili ni kaniki, nguo nyeusi ya buluu iliyotiwa rangi ya nili, iliyoletwa kutoka India. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipoharibu biashara ya pamba, merikani iliadimika, na viwanda vya Bombay vikaingia kwenye pengo. Kiwanda cha kwanza cha pamba cha Bombay kilianzishwa mwaka 1854. Wafanyabiashara wa Kutch waliokaa Zanzibar na Bagamoyo ndio waliokopesha misafara mizigo ya vitambaa. Kwa hiyo Mhindi aliivika Afrika ya kati zamani kabla Mzungu hajachora mpaka wa Kasindi.

Lakini kikwembe chenye maua na rangi kali kimepita njia nyingine, ndefu zaidi, nayo pia inaanzia India. Kwa karne nyingi vitambaa vilivyopigwa michoro huko Gujarat na pwani ya Coromandel vilisafirishwa hadi visiwa vya Indonesia. Kule Java watu walikuwa na ufundi wao wa batiki: fundi anachora kwa nta ya moto, anatumbukiza nguo katika rangi, na pale penye nta rangi haiingii. Michoro mingi ya batiki iliazima kwenye vitambaa hivyo vya India. Wadachi waliokuwa wanaitawala Java wakaona faida: kwa nini mashini isifanye kazi ya mkono huo na kuwauzia Wajava nguo kwa bei ndogo? Katika karne ya 19 viwanda vya Uholanzi vikaanza kuiga batiki kwa mashini, vikitumia ulimbo badala ya nta. Kimoja kilianzishwa na Pieter Fentener van Vlissingen katika mji wa Helmond mwaka 1846. Ndicho kinachoitwa leo Vlisco.

Soko la Java halikuwapokea kama walivyotumaini. Ulimbo wa mashini ulikuwa unapasuka na kuacha mishipa na madoa ya rangi, na Mjava aliyezoea kazi safi ya mkono aliona huo ni uchafu. Katika miaka ya 1890 mfanyabiashara wa Glasgow, Ebenezer Brown Fleming, akazipeleka nguo hizo pwani ya Ghana ya leo. Kule watu waliipenda ileile mishipa iliyokataliwa Java, kwa sababu iliwahakikishia kwamba hakuna vipande viwili vinavyofanana kabisa. Kutoka pwani ile waksi ikasambaa Afrika ya magharibi, kisha Kongo.

Katika miaka ileile ambayo waksi ilikuwa inaingia kwa wenye uwezo, Kongo yenyewe ilikuwa inalima pamba. Ililima kwa fimbo. Mwaka 1917 utawala wa Wabelgiji, kwa mpango wa mkuu wa kilimo Edmond Leplae, uliweka sheria ya kilimo cha lazima. Mkulima wa Uele, Maniema ao Kasai alipimiwa shamba, akapewa mbegu, na akauza kwa kampuni moja tu yenye haki ya kununua katika eneo lake, kwa bei iliyopangwa na wengine. Asiyelima alitozwa faini, akafungwa, na wengi walionja kiboko. Milima ya Lubero iliponea, maana pamba inataka joto. Viwanda vilijengwa pia: Utexléo kule Léopoldville na Filtisaf kule Albertville, yaani Kalemie. Ni kweli kwamba Kongo iliwahi kulima, kusokota, kufuma na kupiga michoro ndani ya mipaka yake. Ila wale wanaoukumbuka wakati huo kama neema hawakuwa wenye jembe.

Libaya nayo ina historia. Mapadri wa Assomption walifika upande huu mwaka 1929, na masista wakafuata katika miaka ya 1930. Popote misioni ilipojengwa, wasichana walifundishwa kushona, na mwanamke Mkristo alitakiwa kufunika mabega. Blauzi ikaungana na kitambaa cha kufunga, na vazi tunaloliita la mababu likapata sura yake. Anayeona aibu kusikia hivyo aangalie India. Blauzi na sketi ya ndani vinavyovaliwa na sari leo vilienea katika karne ya 19, chini ya utawala wa Waingereza. Namna ya kufunga inayojulikana zaidi inahesabiwa kuwa ilitangazwa na Jnanadanandini Devi, mke katika ukoo wa Tagore wa Bengal, aliyetafuta vazi linalomruhusu mwanamke wa heshima kutoka nyumbani. Hakuna anayemwambia mama wa Kihindi kwamba sari si yake kwa sababu ya blauzi.

Kisha Mobutu. Nchi ilipoitwa Zaïre mwaka 1971, siasa ya kurudi kwenye asili ikaingia mpaka kabatini. Wanaume walivaa abakosti bila tai. Wanawake walikatazwa suruali, sketi fupi na nywele za bandia. Vazi la Mzaïroise likawa kikwembe, kwa amri. Mfinyo huo uliwaumiza wengi, lakini kwa viwanda ulikuwa soko. Utexléo, iliyokuwa sasa Utexafrica, na Sotexki ya Kisangani, iliyozaliwa katika miaka hiyo ya 1970, zilipiga vitambaa vya sherehe, vya chama, na vya sura ya rais mwenyewe. Akina mama walicheza wakiwa wamemkalia.

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zaïrianisation. Maduka na mashamba ya Wagiriki, Wareno, Wahindi na Wapakistani yakapewa Wazaïre, wengi wao watu wa serikali ambao hawakujua hata kuandika daftari la mikopo. Maduka mengi yakafa. Katika pengo hilo ndipo wafanyabiashara Wanande walipopanda. Walikuwa wanapeleka maharagwe na mboga Kisangani kwa lori. Walijua barabara na walijuana kwa ukoo na kwa kanisa. Kahawa na dhahabu zilivuka kwenda Uganda, bidhaa zikarudi. Polepole macho yakatoka Kampala yakaenda Mombasa na Dubai, kisha Jakarta, Hong Kong na Guangzhou. Wengine walichagua pikipiki, wengine vyuma, wengine vikwembe. Watu kadhaa walichanga kontena moja, likashuka Mombasa, likapita Nairobi na Kampala, likaingia kwa Kasindi.

Hata vita havikukata mstari huo. Beni na Butembo zilipokuwa chini ya RCD-ML, wafanyabiashara wakubwa walilipa ushuru kabla ya mzigo kufika, nao wakapunguziwa. Waasi walipata pesa, soko likapata vikwembe. Si habari ya kujivunia, lakini ndiyo iliyofanya mji usio na reli wala bandari uuzie miji mikubwa kuliko wenyewe.

Viwanda vya nchi havikuwa na bahati hiyo. Pamba ilipotea mashambani, uporaji wa 1991 na 1993 ulivunja Kinshasa, vita vya 1996 na 1998 vilikata njia. Kufikia mwisho wa miaka ya 2000 mitambo ya Utexafrica ilikuwa imenyamaza. Uwanja wake Kinshasa leo ni makazi na ofisi za wenye nacho. Sotexki inachechemea. Na safari zilezile za Guangzhou zilizowatajirisha watu wa Butembo zilileta waksi ya China, Hitarget na wenzake, yenye michoro ya Helmond na bei ndogo mara kadhaa.

Sasa tazama kinachotokea siku ya mahari. Mbuzi wamekubaliwa, wanahesabiwa. Kikwembe cha mama mzazi kinafunguliwa, na shangazi mmoja anageuza ukingo wa kitambaa kusoma maandishi. "Hii ni Hollandais ao ni ya China?" Maandishi ya ukingoni nayo yanaigwa, kwa hiyo shangazi hasomi tu, anasugua kwa kidole, anageuza upande wa nyuma kuona kama rangi imepenya sawasawa. Kijana aliyekopa ili anunue piesi hiyo anatoka jasho. Katika nchi zinazosema Kifaransa kuna mchoro wa Vlisco unaoitwa Mari capable, yaani mume mwenye uwezo, na jina hilo halikutoka Helmond. Kiwandani kitambaa kinapewa namba. Majina yanatoka kwa akina mama sokoni, na bila jina mchoro hauuziki.

Hapo ndipo jibu la swali la mwanzo linapoanza kuonekana. Cha kwetu katika kikwembe si uzi wala rangi. Ni jina, na ni mshono. Kuchagua, kuita, kukata na kushona kunafanyika hapa. Tatizo ni kwamba katika mnyororo wote, kutoka pamba hadi harusi, kipande kilichobaki mikononi mwa watu wa Butembo na Beni, ukiacha faida ya wachache wenye makontena, ni mashini ya fundi.

India iliona hatari hiyo mapema. Tarehe 7 Agosti 1905 vuguvugu la swadeshi lilitangazwa Calcutta, watu wakaacha nguo za viwanda vya Uingereza. Tangu 2015 tarehe hiyo ni siku ya taifa ya ufumaji wa mkono. Sheria ya 1985 ilitenga aina fulani za nguo, sari zikiwemo, zifumwe kwa mkono tu. Wabunifu kama Sabyasachi Mukherjee wa Kolkata wamewarudisha mabibi harusi matajiri kwenye sari ya mfumaji. Hata hivyo mfumaji wa Varanasi analalamika kama fundi wa hapa: sari za mashini kutoka Surat zinauzwa kwa jina la Banarasi, ingawa jina hilo lilipewa ulinzi wa kisheria mwaka 2009. Sheria imemsaidia, haijamwokoa. 

Wabunifu hawakosekani. Goma ina maonyesho ya Liputa Fashion. Anifa Mvuemba, mzaliwa wa wazazi Wakongomani anayefanya kazi Marekani, alionyesha mwezi wa Mei 2020 mavazi yaliyotembea kwenye skrini bila mwili wa mtu, akiyatolea kwa Kongo. Dunia nzima iliyatazama. Fundi wa Mususa anahesabu mambo mengine: uzi umepanda, moto wa kupigia pasi ni makala, na wateja wanakimbilia nguo za chagua zinazouzwa tayari, moja kwa bei ndogo kuliko kushona libaya.

Anahesabu pia barabara. Njia ya Goma imekuwa ngumu tangu Kanyabayonga ilipoanguka mwezi wa Juni 2024, na Goma yenyewe Januari 2025. Inabaki Kasindi, ambako malori yamewahi kuchomwa na kusindikizwa na askari. Kila mzigo unapochelewa Kasindi, bei ya piesi inapanda Butembo, lakini bei ya mshono haipandi nayo. Mteja aliyemaliza makuta kwenye kitambaa anakuja kwa fundi kuomba apunguziwe, na wiki za mwisho wa Februari, vikwembe vya tarehe 8 Machi vinapoingia, wanakuja wote kwa mara moja, kila mmoja anataka yake iwe tayari kesho.