Mtoto wa Kapteni Joubert aliyeuawa Fizi

Mchana wa tarehe 28 Novemba 1964, jeep ya waasi ilisimama mbele ya kanisa la Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, mashariki mwa Kongo. Kamanda wao, Abedi Masanga, akamwamuru Bruda Vittorio Faccin apande. Bruda akakataa, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara alikuwa akiungamisha watu. Alipotoka na kutakiwa apande yeye, alipiga magoti kando ya maiti ya mwenzake. Hapo hapo naye akauawa.

Wote wawili walikuwa Waitalia wa shirika la Wasaveri. Waasi hao, walioitwa Simba na waliopigana kwa jina la Lumumba, waziri mkuu wa Kongo aliyeuawa, walikuwa wameshika Baraka na Fizi, na siku nne tu zilikuwa zimepita tangu askari wa miavuli wa Ubelgiji washuke Stanleyville, ngome ya waasi. Hasira dhidi ya wazungu ilikuwa mbichi.

Jioni jeep ikapanda milimani hadi Fizi. Padri Giovanni Didonè, Mwitalia wa tatu, alifungua mlango wa misheni, akapigwa risasi. Kisha Abbé Albert Joubert. Kwa huyu, hesabu ya rangi na taifa inagoma.

Abbé Albert alizaliwa mwaka 1908 Saint-Louis de Mrumbi, upande wa Moba, pwani ile ile ya Ziwa Tanganyika. Mama yake, Agnes Atakaye, alikuwa Mwafrika. Baba yake, Kapteni Léopold Louis Joubert, alikuwa Mfaransa, na ujanani alikuwa zuavu wa Papa. Mazuavu walikuwa Wakatoliki wa kujitolea walioacha nchi zao kwenda kulinda dola ya Papa isimezwe na Italia iliyokuwa ikiungana. Waholanzi ndio waliokuwa wengi zaidi, wakifuatwa na Wafaransa na Wabelgiji. Roma ilipotekwa mwaka 1870, kazi yao ikaisha. Miaka ya 1880 Joubert akaitikia mwito wa Kardinali Lavigerie, akaja ziwani kulinda misheni za shirika lake la Mapadri Weupe dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa. Akaoa huku, akafia huku mwaka 1927.

Kwa hiyo baba aliwaelekezea Waitalia bunduki kwa ajili ya Papa, na mwana akauawa pamoja na Mwitalia, nyumba moja, jioni moja, kwa ajili ya Kanisa lile lile.

Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wote wanne kuwa wenyeheri. Watatu walizaliwa upande wa Bergamo na Vicenza. Wa nne, Mrumbi.