Sabuni, Nguo na Moyo

Somo letu la leo ni Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 4, aya ya 8. Hapo Paulo anamwambia kijana wake kwamba kuuzoeza mwili kuna manufaa yake machache, lakini kumcha Mungu kuna manufaa yasiyo na mpaka. Wengi wetu tumelisoma neno hilo kana kwamba Paulo alisema mwili hauna manufaa hata kidogo. Basi tuendelee mpaka sura ya 5, aya ya 23. Huko mtume huyu huyu anamwagiza Timotheo atumie divai kidogo kwa sababu ya tumbo lake na maradhi yake ya mara kwa mara. Katikati ya maagizo mazito juu ya wazee wa kanisa, Paulo alikumbuka tumbo la rafiki yake.

Sisi tulio Nyeri tumezoea kuwaona wageni wakiuliza njia ya makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro. Huko amezikwa Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Maskauti, aliyemalizia maisha yake hapa mjini na kufariki tarehe 8 Januari 1941. Kitabu chake cha mwaka wa 1908 kiliwafundisha wavulana wajibu wao kwa Mungu, na pia kupiga mswaki, kuoga na kuvuta pumzi kwa pua. Mzee huyo wa vita hakuona haya kuyaweka yote katika kitabu kimoja.

Mwaka huo huo wa 1908 Misheni ya Waskoti ilianza kazi Tumutumu. Wamisionari wa kanisa letu, wale wa C.M.S., walikuwa wamekwisha kufika Weithaga mwaka wa 1903 na Kahuhia mwaka wa 1906, na mwaka wa 1910 wakafungua Kabare, na Kigari karibu na Embu. Karibu kila mahali walipopiga kambi, darasa, dawa na ibada vilikwenda pamoja. Aliyekuja kuoshwa kidonda alisikia Injili, na aliyekuja kujifunza kusoma aliambiwa anawe mikono. Hatuna budi kuwashukuru kwa hilo, kwani Bwana wetu mwenyewe aliwagusa wenye ukoma, akawalisha wenye njaa.

Lakini kuna jambo jingine lililoingia pamoja na sabuni. Wazee wetu walikuwa na namna yao ya kuutunza mwili. Walijipaka mafuta ya mbarika yaliyochanganywa na udongo mwekundu, na anayeijua baridi ya mlima wetu mwezi wa Julai hatawacheka. Walitoboa masikio na kuyapanua kwa mapambo. Msomaji wa misheni aliosha ule udongo, akavaa shuka au kanzu, na baadaye kaptula na shati. Wapo hata waliokubali masikio yao yashonwe. Mambo hayo si dhambi. Lakini polepole macho ya watu yalizoea kumtambua Mkristo kwa mbali, kwa nguo yake, kabla hajafungua kinywa. Aliyevaa shati alihesabiwa kuwa amepata nuru, na aliyejipaka mafuta alihesabiwa kuwa gizani. Twajua kwamba Mungu alimkataza Samweli kupima wana wa Yese kwa umbo na kimo, na somo hilo tulilifundisha watoto huku sisi wenyewe tukipima kwa kanzu.

Tena tusidhani kwamba kila uchafu ulikuwa urithi wa babu zetu. Funza, mdudu huyu anayekula vidole vya miguu, si wa mlima wetu. Kwao ni Amerika ya Kusini. Alifika Angola kwa meli mwaka wa 1872, akavuka bara lote katika miguu ya wapagazi na askari, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amefika pwani ya mashariki. Babu zetu walimpokea bila kumwalika. Mkumbukeni mdudu huyo, kwani tutarudi kwake.

Sasa twende Gikondi, kusini mwa Nyeri. Huko alitumika mtawa wa Kikatoliki, Irene Stefani, ambaye watu walimwita Nyaatha, yaani mama wa huruma. Ingawa hakuwa wa kanisa letu, habari zake zatufaa. Alizaliwa Italia mwaka wa 1891 na kufika Kenya mwaka wa 1915. Wakati wa vita vile vya kwanza aliwauguza wapagazi katika hospitali za Voi, Kilwa na Dar es Salaam, mahali ambapo watu wetu wengi walikufa kwa kuhara na homa kuliko kwa risasi. Kisha akakaa Gikondi miaka kumi, akifundisha na kuzunguka nyumba kwa nyumba. Mwezi wa Oktoba 1930 alimwuguza mgonjwa wa tauni, akaambukizwa, akafa tarehe 31. Mwaka wa 2015 kanisa lake lilimtangaza mwenye heri hapa hapa Nyeri. Mtu kama huyo hakuwaosha wagonjwa ili wapendeze machoni pa watu. Wengi wao walikufa mikononi mwake, tena wakiwa safi.

Kisha ukaja Uamsho. Moto ule uliowaka Gahini, Rwanda, ulifika Kabete mwaka wa 1937, ukapanda mpaka Murang'a, Kirinyaga na Nyeri. Obadiah Kariuki, aliyewekwa wakfu kuwa askofu huko Namirembe mwaka wa 1955 pamoja na Festo Olang', alikuwa mmoja wa ndugu hao. Uamsho ulitwambia wazi kwamba shati la misheni haliokoi. Walimu na wazee wa kanisa waliokuwa safi kwa nje walisimama wakaungama wizi, uzinzi na chuki. Na katika Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, ndugu wengi walikataa kiapo, na wengine wakakataa na bunduki pia. Hapo hakuna aliyeuliza wamevaa nini.

Hata hivyo, sisi watoto wa Uamsho tulitengeneza sare yetu. Tuliacha kumpima mtu kwa shati zuri, tukaanza kumpima kwa nguo isiyo na urembo. Akina mama waliweka kando bangili na shanga kwa furaha yao, na hilo lilikuwa jema. Lakini binti zao walipozinyosha nywele kwa kitana cha moto, tuliwaambia wamerudi nyuma. Petro alipowaandikia wanawake juu ya kusuka nywele na dhahabu, alikuwa akiwaonyesha pambo lililo bora. Hakuwapa wazee wa kanisa kazi ya kukagua vichwa mlangoni. Na wengine wetu tulikwenda mbali zaidi, tukaona kwamba kula vizuri, kupumzika, na kwenda kupimwa presha na sukari ni kukosa imani. Hao tumewazika mapema, na katika mazishi tukasema ni mapenzi ya Mungu.

Katika mtaa mmoja tuliowahi kuuhudumia palikuwa na mzee mjane, mwimbaji mwema. Aliacha kuja kanisani. Wiki zikawa miezi. Katika ushirika wa Alhamisi tulisema amepoa, tukamwombea kwa jina, tukimsihi Bwana amrudishie upendo wake wa kwanza. Hakuna aliyekwenda. Tulipofika kwake hatimaye, kwa shauri la mchango wa ujenzi, tulimkuta ameketi juu ya gunia, miguu ameifunika kwa blanketi. Alikuwa na funza katika vidole vyote na visigino. Viatu havikuingia tena, naye aliona haya kuja mbele ya meza ya Bwana akiburuta miguu ile mbele ya watu waliovaa vizuri.

"Mchungaji," alitwambia, "nyimbo naziimba hapa. Mnisamehe tu."

Mama aliyekuwa ameongoza maombi yale ya Alhamisi, wa Umoja wa Akina Mama, hakusema neno. Aliomba karai, akachemsha maji, akatuma kijana dukani akanunue sabuni na dawa. Akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo. Kazi ile ilichukua siku nyingi, kwani funza hatoki kwa mara moja, na sakafu nayo ilibidi imwagiwe maji na kusiribwa upya. Sisi tulipewa kazi ya kuchota maji.