Kucha Zilikaguliwa, Tumbo Halikuulizwa

Waliosoma shule za msingi za vijijini wanaikumbuka asubuhi ya mstarini. Mwalimu wa zamu alipita na fimbo akitazama kucha, nywele, meno na kola ya shati. Mwenye kucha ndefu alichapwa. Aliyelala na njaa hakuulizwa lolote.

Ukaguzi wa afya shuleni haukuzaliwa hivyo. Baada ya Vita vya Makaburu (1899–1902), watawala wa Uingereza walishtuka kuona vijana wengi waliojitokeza kupigana wamekataliwa kwa udhaifu wa mwili. Mwaka 1906 sheria iliziruhusu serikali za mitaa kuwalisha wanafunzi wenye njaa. Mwaka 1907 sheria nyingine ikaamuru wapimwe na madaktari. Haikuwa huruma tupu, kwani dola ilihitaji askari na vibarua wenye nguvu. Lakini utaratibu wake unafundisha: sahani ilitangulia, daktari akafuata.

Kwetu, mwaka 1973 ulikuwa wa matumaini. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria, na kampeni ya Mtu ni Afya ikawakusanya wanavijiji kando ya redio, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakachimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Wakati huohuo, Azimio la Musoma la 1974 liliagiza kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo 1977. Madarasa yakafurika. Majiko hayakuongezeka kwa kasi hiyo, na uchumi ulipoyumba katika miaka ya themanini, kilichobaki mstarini kilikuwa kucha na fimbo.

Tulichukulie jambo hili kwa macho ya Kibuta, wilayani Kisarawe, katika ukanda wa mihogo na mikorosho. Muhogo hushibisha, lakini una protini na madini ya chuma kidogo mno. Mtoto akitembea pekupeku kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa kwa kinyesi, minyoo ya safura hupenya ngozi, huingia utumboni na kunyonya damu. Damu hiyo huhitaji chuma ili irudi. Kwa hiyo dawa ya minyoo bila chakula bora ni nusu ya tiba, na kumwita mtoto huyo mvivu ni kosa la utambuzi.

Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 uliweka chakula cha wanafunzi wa kutwa miongoni mwa majukumu ya wazazi. Wazazi kuchangia si vibaya. Ubaya huanza pale ambapo mtoto wa asiyechangia anasimama pembeni akiwatazama wenzake wakinywa uji. Hapo tunamwadhibu mtoto kwa ufukara wa kaya yake.

Watumishi wa halmashauri wanaosoma makala hii wajiulize: katika bajeti yao, uji wa mtoto huyo umeandikwa kwenye kifungu gani? Kama haumo, basi bado tunakagua kucha.