Kasongo wa wimbo si mji wetu, lakini kilio ni chetu

Tangu mwishoni mwa mwaka 2024, jina Kasongo limeimbwa sana nchini Kenya, barabarani na kwenye simu. Mkaaji wa hapa akisikia anaweza kufikiri wanautaja mji wetu. Hapana. Kasongo huyo ni mwanaume wa ndani ya wimbo wa zamani wa okesta Super Mazembe, na vijana wa Kenya walimpachika Rais wao, William Ruto, jina hilo kwa kumcheka.

Wimbo wenyewe umetoka kwa watu wetu. Okesta hiyo ilizaliwa Zaire ikiitwa Super Vox, chini ya Mutonkole Longwa Didos. Ikapita Zambia, ikafika Nairobi mwaka 1974 na kuchukua jina la mazembe, zile mashine kubwa za kuchimba na kusukuma udongo. Miaka ile Nairobi ilijaa wanamuziki Wakongomani: Baba Gaston, Les Mangelepa, Samba Mapangala. Waliimba Kilingala na Kiswahili, na wasikilizaji walicheza hata pale wasipoelewa maneno yote.

Hapo ndipo penye neno. Kizazi cha kwanza kilicheza dansi. Kizazi cha leo kinacheka siasa. Lakini anayeimba humo ni mke. Mume wake Kasongo amemwacha, naye anamlilia arudi nyumbani.

Kwetu kilio hicho si mzaha. Wanaume wa Kasongo na Kabambare huenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Namoya na Salamabila. Wengine huvuka Ziwa Tanganyika kutafuta maisha. Mwingine hurudi, mwingine hutuma habari, mwingine hunyamaza kabisa. Mama anabaki na watoto, shamba na madeni.

Kuondoka si jambo jipya Maniema. Wakati wa Tippu Tip misafara iliunganisha Kasongo na pwani, na Kiswahili kikafika kwetu kwa njia hiyo, pamoja na utumwa na vita. Watu wa Dhanis waliuteka mji mwezi wa 4 mwaka 1893, lakini lugha ilibaki. Baadaye wanamuziki walifuata njia ya kuelekea mashariki. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alifika Dar es Salaam mwaka 1978, akawa maarufu huko na akafia huko mwaka 2010.

Wakenya hawajakosa kuutumia wimbo watakavyo. Wimbo ukishatoka hauna mipaka. Bali sisi tusijifunze maana yake kutoka kwenye kicheko cha wengine. Kijana akiupiga kwenye simu, mzee aliye karibu amweleze nani analia humo, na kwa nini. Na Kasongo aliye mbali, akiusikia, apige simu nyumbani.